Mwaka wa Kumngoja Dada

Wageni wangu walikaa mbele ya chakula mpaka kikaanza kupoa, na mimi nikawa nawatazama tu. Ilikuwa Jumamosi moja mwezi uliopita, nyumbani kwangu Mbamba Bay, siku ambayo wanafunzi wangu wa zamani walikuwa wameichagua kuja kunipongeza kwa kustaafu ualimu. Mkwe wangu, mke wa kijana wangu mkubwa, alikuwa jikoni tangu asubuhi: samaki aina ya mbasa wa kukaanga, wengine wa mchuzi wa nyanya, ugali wa muhogo, na bakuli kubwa la maharage kwa ajili ya watu wa milimani, ambao hata uwape nini, bila maharage wanaona hawajala. Wageni walikuwa wameshanawa. Walikuwa watu wazima, mmoja ana kitambi, mwingine mvi zimeanza kumchungulia, wameizunguka meza kwa adabu wanaongea habari za barabara na mvua, na hakuna aliyemega. Mkwe wangu aliniita mlangoni akaniuliza kwa sauti ya chini kama samaki wananuka. Nikamwambia samaki hawana kosa. Kiti cha mwisho, kile cha karibu na dirisha, kilikuwa kitupu, na hakuna hata aliyethubutu kuweka mkoba juu yake. Yuko mtu hajafika, nikamwambia, wewe funika tu vyombo. Alinitazama kwa macho ya mtu aliyeolewa kwenye ukoo wenye mambo yake. Mimi nilicheka mpaka nikajifuta machozi kwa ncha ya kanga, maana nilikuwa nimeona chakula kikipoa namna ile kila jioni, mwaka mmoja tu wa maisha yangu, na mwaka huo ndio ulionifanya mwalimu.

Nilikuwa nakaribia miaka thelathini nilipopata uhamisho wa kwenda milimani, upande wa Mpepai, kwenye shule shikizi. Kwa asiyeijua, shule shikizi ni shule ndogo inayojengwa na wananchi ili watoto wadogo wasitembee mbali, na inaitegemea shule kubwa inayoitwa shule mama. Yetu ilikuwa chumba kimoja cha matofali mabichi kilichoezekwa nyasi, yenye darasa la kwanza hadi la tatu, basi. Mtoto akimaliza la tatu, mwisho wa mwaka anaagana na chumba kile, na Januari anashuka bondeni, anavuka kijito, anapanda mlima wa pili kwenda kuanza la nne kwenye shule mama. Au haendi. Miaka iliyotangulia wengi hawakwenda, au walikwenda siku chache wakarudi nyumbani kusema kule kuna watu wengi na kelele. Mwalimu niliyempokea aliniambia, wakati ananikabidhi ufunguo, kwamba watoto wa pale wanajua kusoma vizuri tu, hilo lisinisumbue. Kazi yenyewe iko mwezi wa kumi na moja, kuwaandaa kwa hiyo shule nyingine. Nilimwitikia kwa heshima na sikumwelewa hata kidogo.

Nyumba ya mwalimu haikuwepo. Nilipewa chumba kwa Mzee Kapinga, babu wa ukoo ulioukalia mlima ule wote. Wamatengo mlima wa namna hiyo, pamoja na watu wake na mashamba yake, huuita ntambo, na ntambo ile ilikuwa ya ukoo mmoja, kwa hiyo darasa langu la tatu zima lilikuwa la watoto wa baba wakubwa na baba wadogo. Chumba changu kiligawana ukuta na stoo ya kahawa, na ukuta wenyewe haukufika juu. Nililala na harufu ya kahawa kavu, nikaamka nayo, mpaka ikanikaa kwenye blanketi na kwenye sketi ya Jumapili. Nilikuwa na kitanda cha kamba, meza ya mbao isiyopigwa randa, na dirisha la ubao lililotazama uani. Mtu wa ziwani kama mimi, niliyezoea kulala na kanga moja, baridi ya Juni kule nusura inirudishe kwa mama. Lakini dirisha lile lilinipa kampani. Kila jioni nilisikia wanaume wakibishana uani. Mwaka ule ndio malori ya wanunuzi binafsi yalikuwa yameanza kupanda milimani, na swali lilikuwa ni kuuza kwa chama cha ushirika kama walivyouza siku zote, au kwa vijana wale wa miwani ya jua wanaolipa papo hapo. Mzee Kapinga alisema hamwamini mtu anayenunua kahawa bila kuing'ata. Wanawe walicheka, na asubuhi yake wakaenda kuwauzia wale wa miwani. Mbinga mjini nako maduka yalikuwa yamejaa. Dukani kwa Bwana Athumani, ambaye wazee wake walitoka Kilwa, palikuwa na sabuni za kila rangi, wakati miaka michache nyuma tulikuwa tunapanga foleni kwa kipande kimoja. Mtu ungeweza kusimama mbele ya rafu zile ukasahau ulichofuata.

Kilichonishangaza zaidi ni namna walivyokula. Kwetu ziwani kila nyumba ina sufuria yake na mlango wake wa kufunga. Pale, jua likianza kushuka, kila mwanamke aliyeolewa katika ukoo alibeba chakula chake kutoka jikoni kwake akakileta uani kwa Mzee Kapinga, na wote wakala pamoja: wanaume na sinia lao, wanawake na lao upande wa jikoni, na watoto na lao katikati. Hiyo waliiita sengu, na kwenye sengu ndiko kila jambo liliamuliwa, nani apande wapi, nani amekosa, nani aoe. Sheria yake niliijua siku ya kwanza kwa kuivunja. Hakuna mkono unaokwenda kwenye chakula kabla mkubwa wa sinia hajamega. Hata sinia la watoto lilikuwa na mkubwa wake, na wadogo walimngoja, kamasi zinawatoka na njaa zao, hata kama mkubwa mwenyewe bado anachota maji. Na mkubwa akishaanza hainuki mpaka mdogo kuliko wote aseme ameshiba. Mimi walinipa kigoda peke yangu na bakuli langu, kwa kuwa mwalimu mwanamke hawakujua wamweke upande gani, na siku ile ya kwanza nilikula mara tu nilipowekewa. Hakuna aliyenisema. Walinitazama kwa upole, wakanivumilia kama anavyovumiliwa mgonjwa.

Mkubwa wa sinia la watoto alikuwa Skolastika. Alikuwa na miaka kumi na minne, yuko darasa la tatu, kwa sababu alichelewa kuandikishwa akiwalea wadogo zake, na alinizidi urefu, jambo ambalo watoto waliona linachekesha kila tuliposimama pamoja ubaoni. Alikuwa msichana mtaratibu, mwenye mikono mikubwa ya kazi, na alipenda kuja chumbani kwangu Jumapili baada ya misa kunisaidia kuchambua maharage. Siku moja aliniambia anachokitaka. Alitaka kufika la saba, na alitaka siku moja kusoma somo kanisani, mbele, kwenye ile meza yenye kitambaa cheupe, kwa sababu msomaji wa kigango chao alikuwa anakwama kwenye maneno marefu na yeye alikuwa anayajua. Nilimwambia atasoma. Nilisema kwa urahisi, kama watu wasemavyo, halafu mwezi wa kumi na moja nikasikia kupitia ule ukuta usiofika juu kwamba haendi popote. Mama yake mdogo alikuwa amekaribia kujifungua, atahitaji mtu wa kumpikia, shule mama ni mbali, na msichana mkubwa kiasi kile kusoma kumeshamtosha. Mzee Kapinga hakukubali wala hakukataa. Kwenye ukoo ule, jambo ambalo mzee hakulikataa lilikuwa limepita.

Nilishikwa na hasira, na hasira yangu huwa inatafuta kazi. Niliamua kwamba darasa langu la tatu litavuka lote, na litavuka vizuri, na Skolastika akiwa mbele, na wakubwa waone aibu ya kumzuia. Kulikuwa na sababu nyingine ya kuhangaika. Mwalimu Mkuu wa shule mama, mtu mkavu lakini mwenye haki, alikuwa ametuma habari kwamba mwaka ule hapokei mtoto bila kumjaribu kwanza. Darasa la nne lina mtihani wa taifa, na hakutaka watoto wa kumharibia matokeo. Atakayeshindwa kujibu atakariri la tatu, yaani atalirudia. Kwa mtoto wa miaka tisa kukariri ni aibu ya siku chache. Kwa Skolastika ulikuwa mwisho wa shule, maana hakuna mtu kwenye sengu ile ambaye angemruhusu akae mwaka mzima tena na watoto wadogo.

Basi tukafanya mazoezi ya kuhama. Watoto wangu walikuwa hawajawahi kuona dawati, walikalia magogo. Niliomba mbao mbili kwa Mzee Kapinga, tukazipanga juu ya matofali, wakajifunza kuketi wakiwa na kitu mbele ya kifua na kusimama bila kukiangusha. Jembe bovu tulilitundika mlangoni likawa kengele. Walikuwa wamezoea mwalimu mmoja tu kwa kila somo tangu la kwanza hadi la tatu, kwa hiyo niliwaambia kule mwalimu mmoja hutoka na mwingine huingia, na kila anayeingia mnasimama na kumwamkia. Hawakuamini kwamba mtu anaweza kuwa mwalimu wa kitu kimoja tu. Nikatoka nje, nikafunga kilemba, nikarudi kwa mwendo wa kunesa nikasema mimi ni mwalimu wa Hisabati. Wakasimama: "Shikamoo mwalimu." Nikatoka, nikavaa sweta ya mitumba, nikarudi nimenuna nikawa mwalimu wa Kiingereza. Mwisho nikaingia na koti la Mzee Kapinga, mikono imenifika magotini, nikawa Mwalimu Mkuu, na mtoto mdogo kuliko wote, Osmunda, alicheka mpaka akajikojolea. Tulifanya hivyo kila siku kwa wiki kadhaa. Niliwauliza maswali kwa sauti za walimu wote wale, na kila mara Skolastika alijibu la kwanza, halafu majibu yakamwagika kutoka kila upande mpaka niwanyamazishe. Niliona raha. Nilijisifu moyoni kwamba hawa wameiva.

Siku ya kujaribiwa, mama mdogo akashikwa na uchungu alfajiri. Skolastika alibaki. Nilimwona jikoni kwa mama mdogo, amepiga magoti anapuliza moto, hakuinua uso. Niliwachukua wengine tukashuka mlima kwenye umande, tukipita kwenye ngoro, yale mashamba ya vishimo vinavyoushikilia udongo wa mteremko, mahindi ndiyo kwanza yanachomoza, na njia nzima nikiwa nawaza jinsi ya kumwombea aje siku nyingine. Wale wengine sikuwa na wasiwasi nao. Gaudensi, mvulana wa miaka kumi na miwili aliyemfuata Skolastika kwa umri, alitembea mbele akiwashikia wadogo matawi yasiwapige.

Mwalimu Mkuu alituingiza kwenye darasa lenye madawati ya kweli. Watoto waliketi kama nilivyowafundisha, mgongo umenyooka, nikafurahi, ingawa niliona kwamba dawati la mbele wamejibana upande mmoja na kuacha nafasi mwishoni. Nikadhani ni haya. Mwalimu Mkuu akaandika sentensi ubaoni akauliza nani atamsomea. Kimya. Akauliza saba mara nane ni ngapi. Kimya. Akamnyooshea kidole Gaudensi, Gaudensi akasimama vizuri, akatazama ile nafasi tupu pembeni yake, akainamisha macho. Akamwuliza Osmunda jina la wilaya yake, na Osmunda, aliyekuwa ananiimbia wilaya zote za mkoa wa Ruvuma mpaka nimwombe apumzike, akamtazama Gaudensi. Nilijaribu kuwatia moyo kwa macho, kwa kichwa, mwisho kwa mikono. Woga ulikuwepo, sikatai, chumba kilikuwa kikubwa na mtu yule hakutabasamu. Lakini nilikuwa nimeshaona watoto waoga, na hawa hawakukaa kama waoga. Walikaa kama wanaongoja kitu. Mwalimu Mkuu alifuta ubao, akanitoa nje, akaniambia bila ubaya:

"Mwalimu, umewafundisha kuketi. Warudie la tatu."

Nilimwomba. Nilimwomba kwa namna ambayo leo ningeona haya kumwomba mtu. Akasema Ijumaa shule inafungwa; nikitaka niwalete Ijumaa asubuhi, lakini haoni kitakachobadilika.

Tulirudi mpaka kijitoni. Pale nikaketi kwenye jiwe, na lazima niseme nililia kidogo, kwa sababu mwaka wangu wote ulikuwa umekwenda na maji. Watoto walisimama wananitazama. Nikamwuliza Gaudensi, si kwa ukali, nilitaka tu kujua, kwa nini hawakusema, wakati majibu wanayo. Alishangaa swali lenyewe.

"Dada alikuwa hajaanza," akasema.

Mazoezi yetu yote yakapita mbele ya macho yangu, kilemba, sweta na koti, na kila mara Skolastika ndiye alijibu la kwanza, na mimi nikidhani ni msichana mwenye kiherehere kidogo. Walikuwa wanangoja amege. Ntambo nzima walikuwa wamekua wakifundishwa kwamba mtoto mwenye adabu hanyooshi mkono kabla ya mkubwa wake, na mbele ya mgeni yule walikuwa wameonyesha adabu yote waliyonayo. Nafasi ile kwenye dawati ilikuwa ya dada. Niliinuka nimefurahi, kusema kweli nilikuwa karibu kucheka, na nikapanda mlima upesi kuliko watoto.

Jioni ile, mama mdogo alikuwa ameshajifungua salama, mtoto wa kiume, kwa hiyo sengu ilikuwa na uchangamfu wake. Kulikuwa na ugali, maharage, majani ya maboga na kuku mmoja wa mzazi ambaye mguu wake, sijui kwa nini, uliishia kwenye bakuli langu. Nilingoja Mzee Kapinga amege na atafune. Halafu nikamweleza kwa Kiswahili, polepole, yaliyotokea: kwamba wajukuu wake si wajinga, wamenyamaza kwa sababu mkubwa wao hakuwepo, na Ijumaa ndiyo siku ya mwisho. Nilikuwa na hakika nimeshinda. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akafurahi sana kusikia watoto wamengoja, akawaambia wanawe waone malezi, halafu akasema hilo ni jambo dogo. Skolastika ana kazi ya kumpikia mzazi. Yeye kama babu anatoa ruhusa: Ijumaa Gaudensi ndiye ataanza.

Nilikuwa nimewaokoa wote na kumwangusha yule mmoja, na nimemwangusha kwa mdomo wangu mwenyewe. Upande wa jikoni sauti ya mwiko ilinyamaza, nikajua amesikia. Na nani angembishia mzee kwenye sengu yake, tena mwanamke wa kuja, mla samaki? Ndipo niliposikia sauti kutoka sinia la watoto. Gaudensi hakuinuka, na mikono aliiweka magotini. Alisema kwa Kimatengo, na kufikia mwezi ule nilikuwa nakielewa.

"Babu, siwezi kuanza. Dada yupo."

"Yupo wapi?" mzee akauliza.

"Yupo jikoni."

Sinia la watoto lilikuwa halijaguswa, sote tukaliona kwa mara ya kwanza jioni ile, maharage yameshika utando juu. Tangu mchana Skolastika alikuwa akihangaika na mzazi na hakuwa amekuja kumega, na hakuna mtoto aliyekula. Mzee Kapinga alikunja uso, na nadhani angesema neno kali, lakini mdogo wake, mzee mmoja mcheshi aliyekuwa na meno machache, alianza kucheka. Akamkumbusha kwamba kaka yao mkubwa alipokwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, Kapinga huyu huyu aliambiwa na baba yao aanze badala yake, akakataa. Alisema kaka yupo, hajafa, na kila jioni akaangalia ugali unapoa mpaka baba akaja kumega mwenyewe kwenye sinia la vijana. Na kaka alirudi akakuta nafasi yake, mzee mdogo akasema, na wewe ukajisifu kwa hilo mpaka leo, tumechoka kulisikia. Wanaume wakacheka. Wanawake wakacheka. Mzee Kapinga alijitahidi kushikilia uso wake, ukamshinda.

Akaamuru mzazi apikiwe na wengine, kuna wake wa kutosha ukoo mzima. Kisha akamwita Skolastika aje ale na wadogo zake. Nami, ambaye siku zote nimekuwa na ubishi wa kutoacha jambo nusu, nikasema Ijumaa ni siku moja tu, je, Januari itakuwaje, na mwaka unaofuata. Mzee alinigeukia kana kwamba nimeuliza kama jua litatoka.

"Mwalimu," akasema, "umekaa kwetu mwaka mzima. Aliyeanza anainuka lini?"

Nilijua jibu. Anainuka mdogo kuliko wote akishashiba, na katika darasa langu mdogo kuliko wote alikuwa Osmunda, aliyebakiza miaka mizima kufika la saba. Skolastika alipiga magoti mbele ya sinia, akamega tonge, na mikono yote ile midogo ikaingia kwa pamoja. Sijawahi kufurahi kuona watu wakila kama nilivyofurahi jioni ile.

Ijumaa ilinyesha tukafika tumelowa. Skolastika aliketi mwisho wa dawati la mbele, kwenye nafasi yake. Mwalimu Mkuu akaandika sentensi ileile, akauliza nani atasoma, kwa sauti ya mtu aliyeshakata tamaa. Skolastika akasimama akasoma mstari mzima bila kukwama, akaketi, na kabla hajakaa vizuri Gaudensi alikuwa amesimama, na Osmunda, na wengine, wanazitaja hesabu ambazo hawajaulizwa na wilaya ambazo hakuna aliyezitaka. Melkiori, mjukuu wa yule mzee mcheshi, mdogo wake Kapinga, alikosea karibu kila jambo, lakini alikosea kwa sauti kubwa na kwa furaha. Mwalimu Mkuu alishika chaki bila kuandika. Aliwapokea wote, pamoja na Melkiori, na nilipomweleza sababu ya kimya cha mwanzo alifikiri kidogo akasema angependa darasa lake moja tu linalongojana namna ile. Kisha akauliza, kama mwalimu lazima aulize, nitafanyaje Januari, kwa sababu la nne lina mikondo miwili na dada hawezi kukaa katika yote.

Hilo lilinisumbua njia nzima, na tulipofika nyumbani nikamwambia Skolastika, nikidhani tutatafuta wote dawa. Yeye alikuwa ameshaitafuta. Asubuhi ya Januari nilipowasindikiza mara ya kwanza, wamevaa sare mpya za bluu na nyeupe, vitambaa vya kutoka kwa Bwana Athumani, tulipofika kijitoni aliwasimamisha wote wakamzunguka. Akasema, "Haya, nimeanza." Basi, ikatosha kwa siku nzima, kwa kila mkondo na kila mwalimu. Niliambiwa aliendelea kusema hivyo kijitoni kila asubuhi mpaka walipofika la saba. Mimi sikuwepo kuliona, kwa kuwa muda mfupi baada ya hapo nilirudishwa ziwani, na nilishuka mlima ule na kikapu cha maharage kichwani na uchungu moyoni, nikiwa nimejua jambo ambalo chuo hakikunifundisha: kwamba mtoto anapohamia darasa jipya anahama na watu wake wote, na ukimsahau mmoja, wengine hawajafika. Miaka yote iliyofuata, kila mwezi wa kumi na moja, kabla sijawaandaa watoto kwa lolote, niliwauliza kwanza wananyamazia nani.

Skolastika hakuchaguliwa kwenda sekondari. Ni Osmunda pekee aliyechaguliwa kati yao, na leo ni muuguzi. Gaudensi analima kahawa na bado anainama anapoongea. Skolastika alijifunza cherehani, ana chumba chake cha ushonaji Mbinga mjini, na kila mwisho wa mwaka hulala kidogo sana, kwa sababu watoto wa nusu ya mji wanaohama madarasa wanavaa sare alizoshona yeye. Jumapili husoma somo kanisani. Nilimsikia mara moja, nimekaa nyuma kabisa, na hakukwama popote.

Jumamosi ile alifika amechelewa, gari lilikuwa limekwama kwenye matope, viatu ameshika mkononi. Alinipigia magoti, "Shikamoo mwalimu," nikamwinua, tukakumbatiana. Alinawa, akaenda moja kwa moja kwenye kile kiti cha dirishani, na mkwe wangu akafunua vyombo kwa haraka ya mtu aliyechoka kungoja. Gaudensi akamwambia, "Dada, tuanzie." Skolastika alinyoosha mkono, kisha akaurudisha. Alilisukuma sinia polepole, likapita mbele ya Gaudensi, mbele ya Osmunda na binti yake mdogo, mpaka likanifikia mimi.

"Mwalimu yupo," akasema.

Walinigeukia wote, na mikono yao wakaiweka magotini. Nilimega. Magoti yangu siku hizi hayapendi kukaa, na kulikuwa na chai ya kuandaa na wageni wengine wa kuwapokea mlangoni, lakini sikuinuka mpaka yule binti mdogo wa Osmunda aliposema ameshiba.